Ngazi Isiyopakwa Rangi

2 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi wote wazima. Mpwa wako yamemng'oka meno mawili ya mbele kwa mpigo na sasa anacheka akiwa amejiziba mdomo kama bibi harusi. Shemeji yako yuko uani, amezungukwa na redio na pasi za watu. Tangu aache kupanda juu ya mapaa kufunga nyaya, kazi zote zinamfuata hapohapo alipoketi, na anasema hajawahi kuwa bosi wa namna hii.

Kabla sijaingia kwenye lililonikalisha niandike, nina ugomvi na wewe. Barua yako ya mwisho nimeikunja pale chini ili nisione ulivyotia sahihi. "Wako, mlevi aliyemvunja mumeo." Dada gani anataka kitu kama hicho mezani kwake? Miaka saba hujagusa chupa. Halafu mtoto ameshajua kusoma. Juzi aliniuliza, "Mama, mlevi ni nani?" Nikamwambia ni mtu mmoja wa zamani, alihama.

Sasa habari yenyewe. Shemeji yako anataka kubatizwa. Ndiyo, yuleyule aliyekuwa akitusindikiza kanisani hadi mlangoni, kisha anarudi kusikiliza mpira. Mwaka mzima sasa anaingia ndani na sisi, na amekata shauri mwenyewe. Tatizo ni kisima cha ubatizo. Kimejengwa juu ya sakafu, ukuta wake unanifika kifuani, na cha kupandia ni vyuma vitatu tu vilivyochomelewa wima. Kwa nyonga ile iliyovunjika hawezi. Mashemasi walisema watamkalisha kwenye kiti wamwinue hadi ndani. Akawajibu, "Nikiwa maiti mtanibeba, na siku hiyo sitabisha. Ila majini naingia kwa miguu yangu."

Anataka ngazi za mbao, za kupanda nje na kushuka ndani, zenye mahali pa kushika. Ubatizo ni Jumapili ya mwisho ya Mei. Na anataka uzitengeneze wewe. Nimemwuliza mara mbili kama amesikia alichosema. Anasema amesikia. Kwa hiyo nakuomba uje, mdogo wangu.

Dada yako


11 Machi

Dada,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama karakanani, ikabidi nikae juu ya rundo la milango. Mzee wa karakana aliniuliza nani amefariki.

Mwambie Shemeji ninamshukuru, lakini siwezi. Mafundi wamejaa huko kwenu. Yule wa madirisha karibu na shule ana mkono mzuri, na wala hana historia. Hivi watu wa kanisa lenu wakiniona na msumeno mkononi, watamwacha Shemeji apande? Wewe utamwacha? Usinijibu haraka.

Usidhani nimelala tu huku. Mimi naishi kwa neema ya Mungu na sikosi ibada. Kila akija mgeni wananiita mbele nitoe ushuhuda: nilivyokuwa mlevi, nilivyotengeneza ngazi ile nikiwa nimelewa, ilivyokatika mume wa dada yangu akipanda paa la zahanati, na Bwana alivyonitoa. Watu wanalia. Wamenibandika jina, Ndugu Ngazi. Hata watoto wananiita hivyo. Nimelizoea, kwa sababu ni la kweli.

Ni bibi mmoja tu, anayepanga viti, ambaye hanielewi. Jumapili iliyopita alinivuta pembeni akanionesha saa yake. "Mwanangu, nimekupima. Ngazi dakika ishirini, Yesu dakika mbili." Sijui alitaka nini. Wazee wengine bwana.

Nisameheni. Nitawaombea siku hiyo nikiwa hukuhuku.

Mlevi wa ngazi


19 Machi

Mdogo wangu,

Nimeiona sahihi. Nimeikunja kama ile nyingine.

Yule fundi wa madirisha alikuja bila kuitwa, sijui nani alimpa habari. Shemeji yako alimkaribisha chai, akamtengenezea redio yake, akamrudisha kwake. Akaniambia mimi, "Kama si shemeji yangu, basi kiti." Na unajua anavyokichukia hicho kiti.

Mimi nakujua tangu nikikubeba mgongoni. Nitakueleza kama ninavyokueleza siku zote: siku ile ulikuwa umelewa, hukujua unachofanya. Limekwisha. Pombe ndiyo iliyomwangusha mume wangu, si wewe. Mbona mimi nimeweza kulisema hilo na wewe hulisemi?

Dada yako


2 Aprili

Shemeji,

Nakuandikia wewe mwenyewe. Tafadhali usome peke yako kwanza, kisha uamue kama Dada aione.

Dada ameniandikia kwamba siku ile sikujua nilichofanya. Nimekaa na maneno hayo wiki mbili, yananichoma. Asubuhi niliyomaliza ngazi yako sikuwa nimelewa. Nilikuwa na chai tu tumboni. Kwenye mbao ya kipandio cha nne palikuwa na fundo la mti, ukubwa wa kifungo cha koti, katikati kabisa. Nililigonga kwa kidole likacheza. Fundo likicheza, mbao hiyo hutupwa. Nilifundishwa hivyo wiki ya kwanza ya kazi. Mbao nyingine nzima ilikuwepo pale kwenye rafu, ilihitaji kupigwa randa tu. Ingenichukua saa moja. Sikutaka kuitoa hiyo saa, kwa sababu nilitaka kufunga mapema nikanywe.

Nikachanganya gundi na unga wa mbao, nikaziba, nikapiga msasa mpaka pakawa laini. Kisha nikapaka ngazi nzima rangi ya bluu. Shemeji, ngazi ya mbao haipakwi rangi. Huachwa wazi ili anayepanda aone mbao ilivyo, kama ina ufa au fundo. Kila seremala analijua hilo. Uliponiuliza kwa nini hii ina rangi, nilikwambia ni zawadi, kwa kuwa wewe ni shemeji yangu. Ukafurahi. Ukanishika bega.

Nilikunywa baadaye. Walipokuja kuniambia umeanguka walinikuta nimelewa chakari, wakasema wenyewe, "Masikini, alikuwa amelewa." Nikaliona jina hilo linanisitiri, nikalivaa. Mlevi anahurumiwa. Mlevi akiacha, watu wanampigia makofi. Yule aliyejua akaziba, nani atampigia makofi? Nimesimama mbele ya makanisa kumi nikimtolea ushuhuda mlevi, na huyo mwingine nimemficha nyuma yake. Naogopa hata Mungu amemsamehe mlevi tu, kwa sababu ndiye pekee niliyempelekea.

Kwa hiyo usinitake mimi. Chukua fundi mwingine.

Aliyejua


9 Aprili

Mdogo wangu,

Umemwandikia nini mume wangu? Amesoma, amekunja, ameweka mfukoni mwa shati. Tangu juzi yuko uani, ameifungua redio moja na haifungi. Chakula anakigusagusa tu. Nikimwuliza anasema, "Mambo ya mashemeji." Miaka kumi na mmoja ya ndoa sijawahi kusikia mambo ya mashemeji.

Leo nimemwona akitoa sanduku lake la zamani la vifaa, lile la kazi za juu ya mapaa, akalifungua, akalitazama tu, akalifunga. Kama umemkosea tena niambie sasa hivi nijue pa kushika.

Dada yako


16 Aprili

Shemeji,

Pole kwa kukuchelewesha. Mimi mkono wangu umezoea bisibisi, kalamu inanitoa jasho.

Nilijua.

Wiki ile ya kwanza nikiwa nimelazwa, mwenzangu wa kazi aliniletea kile kipandio kilichokatika, maana alikiona cha ajabu. Mimi si seremala, lakini gundi naijua. Niliona lile duara, na unga wa mbao umekauka ndani yake kama uji. Nikasema hapa hakuna mlevi. Mlevi angeziba ovyo. Kazi ile ilikuwa safi, Shemeji. Mkono ulioifanya haukutetemeka hata kidogo.

Nilikificha kwenye sanduku la vifaa. Dada yako hakujua mpaka jana, nilipomwambia yote, na barua yako nikampa. Amelia, amekasirika, amepika, amelia tena. Ngoja atakuandikia. Ila mimi nikueleze ukweli: miaka saba nilikuwa nakitoa kile kipande kila nilipotaka kukuchukia sawasawa. Nilikuwa nakipangusa vumbi. Ukiniuliza mimi ni nani wakati huo ningekwambia mimi ndiye niliyeanguka. Mtaani ndivyo walivyoniita pia. "Nyumba ya yule aliyeanguka, kata kushoto."

Kanisani nilianza kuingia kwa sababu ya upweke tu. Jumapili nyumba inakuwa kimya mno wakiondoka wote. Sikusikia sauti wala sikuona mwanga, usije ukanitilia chumvi huko kwenye ushuhuda wako. Siku moja tu wakati wa maombi nilielewa kwamba Kristo alinijua kabla ya ngazi. Nilikuwa wake nikiwa juu, nikawa wake nikiwa chini sakafuni. Kuanguka ni jambo lililonipata, si jina langu. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi, kwa nyonga hii hii.

Nikakaa nikafikiri: kama mimi si yule aliyeanguka, huyu naye hawezi kubaki yule aliyeniangusha. Watu wawili tuliitwa kwa jina la ngazi moja. Nikakitoa kile kipande nikakichoma jikoni kupashia maji ya kuoga. Hata hayakuchemka.

Hiyo ilikuwa Agosti, kabla hujaniandikia lolote. Unaona? Sikumsamehe mlevi. Mlevi sikuwahi kumjua. Nilimsamehe aliyejua, kwa sababu ndiye niliyekuwa naye sandukuni. Na kama mimi, mtu wa redio, niliweza kukujua hivyo nikakusamehe hivyo, unamdhania nini Mungu? Kwamba umemdanganya kwa rangi ya bluu? Siku uliyobatizwa aliuona mti mzima. Wewe ulipaswa kuzama na kila kitu, ukatoka umebeba ngazi mgongoni. Iteremshe, ndugu yangu. Inatosha.

Nakutaka wewe kwa sababu wewe ni seremala mzuri, na ni shemeji yangu.

Shemeji yako

(Dada yako ananiambia niongeze kwamba bado amekasirika, ila ule vizuri.)


24 Aprili

Shemeji,

Barua yako ninayo mfukoni mwa koti la kazi. Nimeisoma mpaka imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Nililia mbele ya Mzee wa karakana, akanituma nikalete misumari ambayo hatukuihitaji, ili nipate pa kwenda.

Nina maswali. Ukuta wa kisima una urefu gani kutoka sakafuni? Una unene gani kwa juu? Maji yanakufika wapi? Mguu wako wa kushoto unainuka kiasi gani bila maumivu? Usijitie ushujaa hapo, nataka kipimo cha siku mbaya. Unapendelea kushika kwa mkono upi?

Jumapili waliniita mbele, nikaomba wanisamehe, leo sina la kusema. Bibi wa viti alinigeukia akanitazama muda mrefu.

Fundi


1 Mei

Mdogo wangu,

Bado nimekasirika. Sasa sikiliza vipimo.

Ukuta inchi arobaini na tano, unene inchi nane. Maji kiunoni. Anashika mkono wa kulia. Mguu tuliupima hivi: tulipanga vitabu mbele yake, akawa anapandisha unyayo kitabu kimoja kimoja, mpwa wako akiwa mwamuzi. Siku nzuri alifika inchi saba, akajigamba. Nikasubiri siku ya mvua, nyonga inapomsumbua, nikampima tena kwa ghafla. Inchi tano na nusu. Weka tano.

Nilikaa jana nikaisoma tena ile barua yako kwake. Miaka minane nimekutetea kwa neno moja, kwamba ulikuwa umelewa. Sasa nimepokonywa hata hilo. Nilikuwa najiuliza nitakupenda kwa sababu gani. Nikaona nilianza kukupenda ukiwa na siku mbili, mwekundu, umefunikwa shuka la hospitali, hujafanya jema wala baya. Basi nimerudi hapohapo. Nadhani ndivyo hata Mungu anavyofanya, ila Yeye hahitaji wiki mbili za kununa.

Uje. Nimefua shuka za chumba cha nyuma.

Dada yako

(Mjomba, unajua kutengeneza kitanda cha mdoli? Mdoli wangu ni mrefu.)


20 Mei

Dada na Shemeji,

Ngazi zimeondoka leo asubuhi na lori la milango. Dereva anafahamu kanisa. Vipandio tisa kupanda, tisa kushuka, inchi tano tano. Zinaning'inizwa ukutani kwa kulabu. Zile za ndani nimezifunga vyuma vizito chini, maana mbao huelea, na sitaki Shemeji aelee nazo. Skrubu zote ni za shaba, haziliwi na maji. Mkono wa kushikia uko kulia unapopanda na kulia unapoteremka.

Hazina rangi. Nimezipaka mafuta maangavu tu ya kuzuia maji, na kila kitu kinaonekana. Kipandio cha nne nilikibadilisha mara tatu, si kwa kuwa mbao zilikuwa mbovu. Kitanda cha mdoli kimo ndani ya gunia.

Mimi sitakuja. Msinifikirie vibaya. Nimeamini mlichoniandikia, namshukuru Mungu kwa hilo kila asubuhi. Ila kuamini nikiwa huku ni rahisi. Nikifikiria kusimama pale watu wananitazama, yeye ananyanyua mguu, naurudisha mkoba wa safari chini ya kitanda. Kazi yangu imekuja. Naona inatosha.

Fundi wenu


23 Mei

Shemeji,

Zimefika. Ni nzuri mno, mchungaji amezipapasa kama mtu anayenunua ng'ombe. Mdoli amelala.

Sipandi.

Nimeweka stuli yangu karibu na kisima, nimeleta redio mbili za kutengeneza, na nitakaa hapo mpaka uje uzishike hizo ngazi mwenyewe. Nilikwambia nakutaka wewe, sikusema nataka mbao. Siku ile ulinipa ngazi ukaondoka. Safari hii utasimama hapo chini uniangalie napanda, na mkono wako uwe karibu. Ukiogopa, tutaogopa pamoja. Mimi nitakuwa juu, kwa hiyo mwenye haki ya kuogopa zaidi ni mimi.

Basi la kuja huku ni la saa mbili asubuhi.

Shemeji yako


5 Juni

Dada,

Nimefika salama. Chakula ulichonifungia nilikimaliza kabla basi halijatoka mjini, kwa hiyo acha kusema nimekonda.

Jumapili alikuja mhubiri mgeni, wakaniita, "Ndugu Ngazi, mbele!" Nilikwenda. Nikasema mimi ni seremala, na Mungu amenifanya mwanawe, na zamani nilimwumiza ndugu yangu nikijua kabisa, naye amenisamehe akijua kabisa. Nikakaa. Bibi wa viti aliangalia saa yake, kisha akaivua akaitia kwenye mkoba.

Kuna kitu ninataka kukuandikia ambacho hukukisikia siku ile. Wewe ulikuwa ng'ambo ya kisima na taulo, na waimbaji wenu walikuwa wamepandisha sauti kama wanashindana na mvua.

Unakumbuka alivyoacha mkongojo ukutani akashika mbao. Nilikuwa nahesabu moyoni. Moja, mbili, tatu. Cha nne nilifumba macho. Nilipofumbua alikuwa amesimama palepale juu ya cha nne, mtundu yule, anajitingisha kwa mguu mzima kupima, ananitazama. Nilitaka kumpiga. Kisha akacheka, nami nikacheka, ndipo ulipotuona ukadhani tumechanganyikiwa. Watu nyuma walikuwa wananong'ona. Nilisikia mmoja akisema, "Ndiye yule?"

Alipofika juu akanyoosha mkono kwangu. Mchungaji, ambaye ni mgeni kwenu na hajui mambo yetu, akauliza kutoka majini, "Na huyu anayekushika ni nani?"

Shemeji akasema, "Huyu ni shemeji yangu."

Nilisubiri amalizie. Sentensi hiyo naijua inavyoendelea, nimeiishi miaka minane, hata mdomo wangu ulishafunguka nimsaidie. Dada, hakumalizia. Alisema hivyo tu, akanibana vidole, akageuka, akaanza kushuka majini.

Mdogo wako